Mlima Unamdai Nani?

Abiria wa basi la Arusha akichungulia dirishani kuanzia Hedaru hadi Same huona nchi mbili. Kushoto kwake ni tambarare ya miiba inayokwenda mpaka Simanjiro. Kulia ni milima ya Upare Kusini, na kilele chake cha Shengena, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, siku nyingi kimefunikwa na mawingu. Mji wa Same uko upande ambao mlima unauzibia mvua. Kwa mwaka hupata kama milimita 500, wakati juu kabisa, na upande wa mashariki unaopokea upepo wa baharini, hupata mara mbili ya hizo na zaidi. Kati ya Hedaru na Same kuna Makanya, na Makanya kuna mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Mjadala huu unahusu mchanga huo.

Kikao chenyewe nimekikalisha mimi, mezani pangu. Sikumkusanya mtu ukumbini. Nimezichukua hoja zinazosikika Same na vijijini kwake, nikazipa midomo mitano na kuziacha zigombane, ndiyo maana wenye midomo hawana majina. Yupo Mama wa Makanya, anayelima mahindi chini kabisa. Yupo Mzee wa Ndiva, mgawa maji wa huko Vudee, na Kijana wa Tangawizi kutoka Mamba Miamba, upande wa pili wa mlima. Yupo Mfugaji, ambaye wazazi wake walichunga Mkomazi. Wa mwisho ni Afisa wa Maji, binti msomi mwenye pikipiki ya serikali na mafuta ya kubahatisha. Same haijawahi kupungukiwa na watu wa kubishana. Utani wa Tanzania nzima unasema Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushinda kesi ya kuku, na Wapare wenyewe huusimulia kwa fahari.

Swali la kwanza lilikuwa rahisi: maji yamekwenda wapi?

Mama wa Makanya: Niacheni nianze, maana nakaa mwisho wa mto na zamu yangu huwa haifiki. Wazee wetu waliukuta mto huu unatembea hata kiangazi. Leo maji tunayaona pale tu mvua kubwa inapopiga huko juu. Yanashuka mekundu, yana kishindo, yamebeba magogo na mawe. Tunayakimbilia usiku na majembe na tochi, tunayageuzia shambani kabla hayajatupita. Mahindi tunayokula ni ya mafuriko hayo. Yasipokuja, hatuli, yakija na hasira, yanaondoka na shamba. Halafu jioni nawasha redio, naambiwa ni mabadiliko ya tabianchi. Mimi nikiufuata mto wangu kwenda juu sikutani na tabianchi. Nakutana na watu.

Mzee wa Ndiva: Sema tu, Mama, kwamba unakutana na mimi.

Mama wa Makanya: Nakutana na wewe, mzee wangu. Shikamoo.

Mzee wa Ndiva: Marahaba. Sasa nikueleze unachokikuta. Kijito chetu kiangazi ni hafifu. Ukikiachia kikimbie mferejini mchana kutwa, ardhi inakinywa kabla hakijafika shamba la pili. Kwa hiyo jioni tunaziba mlango wa ndiva, maji yanajikusanya usiku kucha, alfajiri tunafungua, na yanatoka kwa nguvu ya kufika mbali. Ni bwawa la usiku mmoja. Babu zetu walilijenga kwa mawe na udongo, kabla hatujaona saruji. Kila ukoo una zamu yake. Mfereji una siku yake ya msaragambo, na asiyekuja na jembe hapati maji mpaka alipe faini. Wala hatukuwa wachoyo. Na Bangalala, walio chini yetu, tuna makubaliano ya miaka mingi: siku zetu na siku zao.

Mama wa Makanya: Na Makanya?

Mzee wa Ndiva: Bangalala tumeoleana nao.

Naomba tusimame hapo kidogo, maana mzee amesema kwa maneno matatu jambo ambalo wataalamu waliliandikia kurasa nyingi. Miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, wakiwa na wenzao wa Delft na Stockholm, walilichunguza bonde la Makanya kwa muda mrefu. Walichokikuta ni kwamba ndani ya mfereji mmoja watu hugawana maji vizuri. Kati ya vijiji vinavyopakana, kama Vudee na Bangalala, bado makubaliano husimama. Lakini ukichukua mto mzima, kutoka chemchemi hadi bondeni, hakuna mkataba wowote wa wenyeji unaofika. Undugu una urefu wake, na mto una urefu wake. Makanya iko nje ya undugu.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ilinuia kuziba pengo hilo kwa jumuiya za watumia maji na bodi za mabonde. Same iko chini ya Bonde la Pangani. Ila bodi ya bonde haiolewi na mtu, na faini yake haina uzito wa kukosa zamu mbele ya wakwe zako.

Afisa wa Maji: Mwandishi ametusema, sawa. Lakini naomba tabianchi isitolewe nje mapema hivi. Mvua za bonde hili zimepimwa tangu miaka ya 1950. Jumla ya mwaka haikubadilika sana. Mpangilio ndio uliovurugika. Katikati ya masika sasa yanaingia majuma matatu bila tone, mara nyingi kuliko zamani. Mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, majuma matatu yanatosha kuyamaliza. Mama haoni tabianchi njiani kwa sababu yeye anatafuta kitu kilichokaa mahali. Hii ni siku zinazokosekana.

Mzee wa Ndiva: Siku hizo nazijua, binti yangu. Nazihesabu mimi, maana ndizo siku ambazo watu wanakuja na mapanga mferejini.

Afisa wa Maji: Basi mzee utakubali kwamba ndiva inaweka maji ya usiku mmoja, na pengo ni la siku 21.

Mzee wa Ndiva: Unataka kusema babu zetu walikosea?

Afisa wa Maji: Hawakukosea. Walipimia hali waliyokuwa nayo, na watu waliokuwapo. Mfereji uliochimbwa kwa koo tatu leo unanywesha kijiji kizima.

Mama wa Makanya: Na udongo je? Maana ninyi wawili mnazungumzia maji peke yake. Yale mafuriko mekundu ni shamba la mtu huko juu. Bwawa la Kalimawe, kule njia ya Ndungu, lilichimbwa enzi za Waingereza, leo nusu yake mtu anaweza kulima. Alilijaza nani? Hilo nalo ni siku zinazokosekana?

Hapa nakiri naegemea upande wa Mama. Mvua ya dakika 40 inayoanguka kwa nguvu kuliko zamani inaweza kuwa kazi ya hewa iliyopata joto. Kwamba mvua hiyo inakuta mteremko uliolimwa wima, bila tuta, ni kazi ya jembe. Kalimawe ilijaa tope kwa sababu udongo wa milimani haukushikwa na kitu, na tope hilo lilianza kushuka zamani, kabla viongozi wetu hawajaanza kusafiri kila mwaka kwenda mikutano ya tabianchi. Ninachokiogopa katika mazungumzo ya siku hizi ni kwamba tabianchi imekuwa kichaka cha kujificha kila ofisi. Mfereji umebomoka, tabianchi. Mradi umechelewa, tabianchi. Wanasiasa wameupenda msamiati huu kwa sababu mshitakiwa anakaa ng'ambo.

Kijana wa Tangawizi, ambaye muda wote alikuwa anacheza na simu yake, aliinua kichwa.

Kijana wa Tangawizi: Mnasema jembe, jembe. Jembe ni langu, kwa hiyo niseme. Kwetu Mamba Miamba tangawizi ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo posa. Tulijengewa kiwanda, tukaambiwa limeni zaidi. Bei ikapanda, tukalima. Ikaporomoka, tukalima zaidi ili kufidia. Tangawizi inataka unyevu, na unyevu uko karibu na kijito. Halafu anakuja dada hapa na kamba yake ya kupimia: mita 60.

Afisa wa Maji: Ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Sikuitunga mimi.

Kijana wa Tangawizi: Najua. Lakini hebu simama kwenye bonde letu. Mita 60 upande huu, mita 60 upande ule, ni mita 120. Kwetu kutoka kijito hadi kijito cha pili wakati mwingine hazifiki hizo. Ukiifuata sheria neno kwa neno, kijiji kizima kinahama. Hata ndiva ya Mzee iko ndani ya mita 60!

Mzee wa Ndiva: Iko ndani ya maji kabisa.

Afisa wa Maji: Sheria inakataza shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu chanzo. Ndiva inatunza chanzo.

Kijana wa Tangawizi: Na tangawizi yenye matuta na majani yaliyotandazwa? Inaharibu au inatunza? Nani anaamua, dada, wewe au kamba?

Dada hakujibu mara moja. Nami simlaumu. Sheria ile inawatazama watu wa Mara, wa Rukwa na wa Upare kwa jicho moja, na katika nchi ya miteremko mikali umbali wa kulala si kipimo cha kutosha. Kinachoshikilia udongo ni mwinuko wa shamba, matuta, na kilichopandwa ukingoni. Afisa anayejua hayo na akayasema kijijini anajiweka hatarini, maana hana kifungu cha kusimamia; anayebeba kamba hana kesi ya kujibu.

Mama wa Makanya: Kijana wangu, sitaki ufe njaa. Lakini mlima ukikatika, wanaokufa kwanza ni ninyi.

Kijana wa Tangawizi: Shangazi, usinikumbushe. Novemba 2009, Goha. Mvua ya vuli ilinyesha mfululizo, mlima ukateremka juu ya nyumba za watu wamelala. Zaidi ya watu 20. Mimi nilikuwa mtoto. Tulichimba kwa mikono.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Halafu Mzee, kwa upole ambao sikuutegemea, aliuliza kwa nini basi mtu aliyechimba maiti za majirani bado analima mteremko.

Kijana wa Tangawizi: Kwa sababu sina tambarare, babu. Na kwa sababu ushauri haulipi ada. Mwaka 2023 Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya ilipanda mpaka Tae na vijiji vya jirani, ikafyeka mirungi. Haya, ni sheria, mirungi ni haramu. Lakini waliofyekewa waliambiwa walime nini kinachouzika hivyo hivyo? Mnaleta panga la kufyeka, mbegu mnasema mtaleta mwakani. Na kwenye vyanzo vya maji ni wimbo huo huo. Kwanza acha, halafu tutaona.

Mzee wa Ndiva: Mirungi nayo ilikuwa inavutiwa maji kwa mipira kutoka chemchemi. Usiisahau hiyo.

Kijana wa Tangawizi: Siisahau. Na mikaratusi je? Ile iliyopandwa juu ya chemchemi na wazee wenye busara, kwa maagizo ya mabwana misitu wa zamani?

Mzee wa Ndiva: Tulidanganywa. Tuliambiwa ni mti.

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha uchungu kidogo. Mikaratusi ilipandwa sehemu nyingi za nchi hii kwa nguzo na kuni, inakua haraka, na ikisimama juu ya chemchemi inakunywa kuliko mgeni wa msibani. Ndiyo sababu kampeni za kupanda miti zinanitia shaka pale zinapojisifu kwa idadi ya miche. Ndugu zetu wa Upare Kaskazini walikuwa na mpungi, misitu ya koo ambamo hakuna aliyethubutu kukata hata fito, na uzito wa misitu hiyo ulitokana na waliozikwa na kutambikiwa humo. Baada ya uhuru vyeo vya watemi vilifutwa, Azimio la Arusha likaja na serikali za vijiji, na matambiko yakaonekana ushamba, hasa mbele ya makanisa na misikiti. Hakuna aliyekusudia kuikata misitu. Ila waliokuwa wakiitunza walivuliwa madaraka, na waliopewa madaraka hawakuwa na sababu ya kuiogopa.

Mfugaji alikuwa amekaa pembeni, fimbo kati ya magoti.

Mfugaji: Mnazungumza vizuri sana. Kila mara mnapozungumza hivi, kuna mtu anahamishwa. Mwaka 1988 baba yangu alikuwa Mkomazi. Likatolewa tangazo: ng'ombe nje, mbuga inarudishiwa hali yake. Tukatoka. Wenzetu wakaenda mahakamani, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, mwaka 1999 ikatuangusha. Baadaye Mkomazi ikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Faru weusi wamejengewa uzio na walinzi. Juu kule Chome, nasikia, kuna ndege mdogo wa jamii ya kinengenenge ambaye hapatikani mahali pengine duniani, na msitu wake umefanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Mwenyezi Mungu awabariki. Faru ana walinzi, ndege ana sheria. Mimi ng'ombe wangu wakifa kwa ukame naambiwa nipunguze mifugo.

Afisa wa Maji: Kaka, hakuna anayetaka kumhamisha mtu kwenye ndiva.

Mfugaji: Na wale wa 1988 hawakuamka asubuhi na nia mbaya. Walisema nyasi zinaisha. Ninyi leo mnasema maji yanaisha. Ninachouliza ni nani atalipa.

Mama wa Makanya: Nikuulize na mimi. Ulipotolewa Mkomazi, ng'ombe waliingia wapi?

Mfugaji: Yeyo, unajua walipoingia.

Mama wa Makanya: Waliingia kwangu. Mahindi yana majani matatu, nakuta nyayo.

Mfugaji: Ndiyo. Na nilipokuomba radhi ulichukua mbuzi.

Mama wa Makanya: Mbuzi mmoja! Shamba la ekari mbili!

Niliwaacha dakika kadhaa, kwa sababu katika ugomvi huo wa mbuzi mmoja kuna hesabu ambayo ripoti za uhifadhi hazina safu ya kuiandika. Mkomazi imepona, hilo ni kweli. Mbwa mwitu na faru wamerudi mahali walipokuwa wametoweka. Gharama yake ilishuka kwa mfugaji, mfugaji akaipitisha kwa Mama, Mama akaipitisha kwa watoto wake. Anayetazama ramani ya hifadhi haioni.

Swali la Mfugaji ndilo lililotuchukua sehemu iliyobaki ya kikao. Mlima unatunza maji ya watu wengi. Je, wanaokunywa chini wawalipe wanaotunza juu?

Afisa wa Maji: Wataalamu wengi wanasema ndiyo. Mwenye bomba analipa ankara, senti fulani za ankara zinapanda mlimani kulipa matuta na miche. Ila Same kuna kizungumkuti. Machi 9, 2025 Rais Samia alizindua mradi wa Same, Mwanga na Korogwe, ambao tuliusubiri miaka na miaka. Maji yake yanavutwa kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu.

Kijana wa Tangawizi: Na Nyumba ya Mungu inajazwa na nani?

Afisa wa Maji: Mto Kikuletwa na Mto Ruvu. Yaani maji ya Meru na Kilimanjaro.

Mzee wa Ndiva: Kwa hiyo mjini Same mnakunywa Kilimanjaro, na Upare uko juu ya vichwa vyenu.

Mzee alilisema kama mzaha, lakini mimi naliona ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika mjadala huu, na halijazungumzwa vya kutosha. Sifa za mradi ule hazihitaji chumvi: akina mama wa Same waliolipa madumu kwa bei ya ulanguzi wanajua thamani yake. Lakini kwa miaka yote ile ya shida, mji ulikuwa na sababu ya kuutazama mlima wake. Diwani wa mjini alijua jina la chanzo, na mfanyabiashara alichangia saruji ya tangi huko juu kwa sababu bila hiyo hana maji ya kupikia hotelini. Bomba linapokuja kutoka kaskazini, sababu hiyo inakatika. Mlima unabaki wa wale wanaoishi juu yake na wale wa Makanya wanaoyakinga maji yake kwa majembe usiku, na kundi lote hilo halina ankara ya kukatwa senti.

Kijana wa Tangawizi: Basi zitoke kwa waliochafua hewa. Mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh walikubaliana mfuko wa hasara na uharibifu. Goha iandikwe humo.

Mzee wa Ndiva: Utaiandikaje? Mlima umekatika, utawaambia sehemu ya mvua ilitoka kwenye viwanda vyao, sehemu ya mteremko ni ya jembe lako. Watakuuliza: ipi ni ipi?

Kijana wa Tangawizi: Wao wana kompyuta, wapige hesabu.

Mzee wa Ndiva: Hesabu ya mwenye deni! Kijana, wewe ni Mpare kweli? Miaka ya 1940 watemi na serikali ya Mwingereza walileta kodi ya mbiru, ya kumpima mtu kwa mali yake. Baba zetu hawakukataa kulipa. Walikataa mtu kukaa barazani na kuikadiria mali ya mwenzie kwa macho. Maelfu walishuka hapa Same mwaka 1945 wakakaa miezi, wake zao wakawafuata. Kodi ile ikafutwa. Sasa mnaniambia atakuja mtu mwingine kukadiria mti wangu una kaboni kiasi gani, chemchemi yangu ni ya shilingi ngapi. Nitalipwa, sawa. Nani kakadiria?

Hoja ya Mzee ina meno kuliko inavyosikika. Tanzania ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na madalali wa hewa safi wameanza kupita vijijini na mikataba ya miaka 30. Kijiji kinachosaini hakina chombo cha kupimia kile kinachouzwa. Wapare walishawahi kuikataa serikali nzima kwa sababu hiyo hiyo, na sitashangaa wakirudia. Ninapotofautiana na Mzee ni hapa: hata zamu ya ndiva ni makadirio ya mtu mmoja, yaani yeye. Watu wanayakubali kwa sababu wanaweza kumfuata nyumbani kwake jioni wakamgombeza. Fedha ya kulipa mlima, itoke Dodoma, Dubai au kwa mnunuzi wa tangawizi, itafanya kazi ikiwa anayeigawa anafuatika nyumbani.

Nilidhani kikao kimekwisha. Mama wa Makanya hakudhani hivyo.

Mama wa Makanya: Fedha za Dubai zikija mtaniita. Mimi nataka jambo la Julai hii. Mzee, nipe usiku mmoja kwa wiki. Fungua ndiva, acha maji yaje mpaka kwangu.

Afisa wa Maji: Mama, hayatafika. Maji ya usiku mmoja yatazama mchangani kabla ya kuipita Bangalala. Utamnyima Mzee na wewe usipate.

Mama wa Makanya: Kumbe nidai nini?

Afisa wa Maji: Mwendo. Kwako yatakuja mafuriko tu, hilo haliepukiki tena. Lakini yanaweza kuja polepole na kwa saa nyingi zaidi, kama huko juu kuna matuta, makingamaji na majani. Ukipata saa sita badala ya mbili unanywesha ekari mara tatu.

Mama wa Makanya: Ila msizuie udongo wote! Ule mwekundu ndio mbolea yangu, sijawahi kununua mfuko.

Kijana wa Tangawizi: Ona! Mmomonyoko tunaambiwa ni dhambi, shangazi anaula.

Afisa wa Maji: Udongo mwepesi utashuka tu, hata kwenye matuta. Mawe na magogo ndiyo yatakayobaki juu.

Mzee wa Ndiva: Matuta mtachimba na nani? Vijana wa Vudee wako Kariakoo wanauza nguo. Tumebaki wazee na wake zetu.

Mama wa Makanya: Julai na Agosti sisi hatuna kazi shambani. Tutapanda wenyewe na majembe. Kikundi chetu kina watu.

Mzee wa Ndiva: Watu wa Makanya wachimbe Vudee?

Mama wa Makanya: Mliweza kugawana siku na Bangalala.

Mzee wa Ndiva: Nimekwambia, Bangalala tumeoleana.

Mama wa Makanya: Mwanangu wa kiume ana miaka 26, mzee. Usinitishe kwa hilo.

Mfugaji: Na mimi? Nyasi za kushikilia matuta zikiota, nani anazikata?

Mzee wa Ndiva: Utakata kwa mundu, ubebe kichwani. Ng'ombe hapandi.

Mfugaji: Kwa mundu nitakata.

Afisa wa Maji: Itabidi iandikwe barua kwa halmashauri, na jumuiya ya watumia maji isajili...

Mzee wa Ndiva: Barua andika wewe, binti, una kalamu. Mama, hao watu wako watakula nini wakiwa juu? Maana msiseme mtakuja kula kwetu.

Mama wa Makanya: Mahindi tutabeba. Makande tutapika wenyewe. Maharage ni yenu, kwetu hayaoti.

Mzee wa Ndiva: Maharage kiasi gani?

Mama wa Makanya: Debe kwa kila tuta.

Mzee wa Ndiva: Kwa kila tuta! Kwa matuta matano.

Mama wa Makanya: Matatu.